Koti la Saruji

Ukuta wa kaskazini wa kanisa la parokia ulianza kuota tumbo katikati ya masika ya mwaka 1975, na mtu wa kwanza kuliona tumbo hilo alikuwa Kasian, fundi mwashi, yule yule aliyeupiga ukuta huo lipu ya saruji miaka miwili nyuma. Alikuwa amepanda kilimani Jumamosi asubuhi kuziba bati lililokuwa likivuja. Aliposhuka kwenye ngazi alirudi nyuma hatua kumi, akafumba jicho moja, akatazama. Kisha akaketi juu ya jiwe na kuendelea kutazama, kama mtu aliyeitwa kuitambua maiti ya ndugu yake na hataki kuwa wa kwanza kusema ndiye.

Jioni alimwambia mkewe Odilia, peke yake. Odilia aliuliza kama tumbo lenyewe ni kubwa. Kasian akamwonyesha kwa mkono: vidole vitatu. Odilia akasema vidole vitatu si vingi, akatia chumvi kwenye mboga mara ya pili bila kujua, na chakula cha siku hiyo hakikulika.

Siri haikufika mbali. Kesho yake, wakati wa mahubiri, vumbi lilimwagika kutoka juu ya dirisha la tatu likawaangukia wanakwaya. Padre Patriki alikatiza maneno yake, akawaomba watu watoke polepole, akamalizia Misa uwanjani kwenye manyunyu huku katekista amemshikia mwavuli.

Kanisa lile halikuwa kubwa, lakini hakuna aliyelipita bila kugeuza kichwa. Msingi wake ulikuwa wa mawe ya mtoni, umepanda hadi kiunoni mwa mtu. Juu ya mawe yalikaa matofali mabichi yaliyokaushwa kwa jua, ukuta mnene kiasi kwamba mtoto angeweza kujilaza dirishani asianguke. Madirisha yalikuwa na matao, kila tao limejengwa juu ya fito zilizokunjwa, na boriti za mwerezi zilivutwa na maksai kutoka msitu wa Nou, siku tatu kila safari. Hayo yalifanyika mwaka 1938, mapadre wazungu wakichora na Wairaqw wa vilima vya Nambis wakijenga. Aliyefyatua matofali ya ukuta wa kaskazini alikuwa Sulle, baba yake Kasian. Sasa Sulle alilala kaburini, hatua chache kutoka kwenye ukuta huo, tangu mwaka 1972.

Mkaguzi wa majengo alitumwa kutoka wilayani siku ya Jumatano. Alikuwa mtu wa Tanga, Mwislamu, mpole, aliyeuliza mlangoni kama inampasa avue viatu. Alipigilia msumari chini ya upenu, akatundika timazi, akasubiri risasi ya kwenye kamba itulie, akapima, akaandika. Watu kama arobaini walikuwa wamesimama wakimtazama.

“Lipu hii nani aliipiga?” aliuliza.

Joakimu, mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, alimwonyesha Kasian kwa kidevu.

“Wewe, ndugu?”

“Mimi.”

“Kazi safi,” alisema mkaguzi, akipitisha kiganja kwenye saruji. “Nyororo kabisa.”

Alisema kwa nia njema, na hilo ndilo lililouma. Mtu mmoja nyuma alichekea puani. Kasian alitazama viatu vyake hadi mkaguzi alipofunga daftari.

Uamuzi ulisomwa pale pale. Jengo lisitumike. Mkaguzi angerudi Julai, na kama ukuta ungekuwa umesogea hata kwa unene wa ukucha, bati na boriti ziteremshwe kabla hazijateremka zenyewe juu ya watu. Joakimu hakusikitika sana. Mwaka uliopita, wakati wa operesheni ya vijiji, watu wote walikuwa wamehamishiwa kando ya barabara, na shule mpya huko ilikuwa imesimama bila paa. Kanisa lilikuwa limebaki peke yake kilimani, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Joakimu alisema bati zile zingetosha madarasa mawili na nyumba ya mwalimu, na Mungu akijalia, kanisa la matofali ya saruji lingejengwa chini, karibu na watu. Alizungumza kwa akili. Kasian hakuweza hata kumchukia, maana Justina, binti yake mwenyewe, alikuwa mmoja wa watoto waliokuwa wakirudi nyumbani na madaftari yaliyolowa.

Getruda, mama yake Kasian, alikuwa akipepeta maharage mlangoni pa nyumba ya kijijini, nyumba iliyosimama katika mstari na nyingine thelathini, ambayo tangu wahamie alikuwa hajaisifu wala kuilaumu. Mwanawe alimwamkia, akaketi kwenye kigoda. Mama naye akaendelea kupepeta.

Zamani, kila mwaka baada ya mavuno, wanawake wa parokia walikuwa wakiukandika ukuta ule kwa udongo, na Getruda ndiye aliyetia konzi la kwanza. Sulle alipofariki, Getruda alijitenga kama nyumba iliyofiwa inavyojitenga huku kwetu. Mkristo alikuwa, rozari haikumtoka shingoni, lakini kwa mwaka mzima hakuweka mkono wake kwenye kazi ya pamoja. Wenzake nao hawakutaka kuanza bila yeye. Waliona ni kumwambia kwamba naye amekwisha kufa. Kwa hiyo mwaka ule ukuta haukukandikwa. Mvua zikauchubua, zikachonga mifereji hadi kwenye matofali. Hapo ndipo Kasian, aliyejifunza saruji kwenye majengo ya Arusha, aliposema baba yake hataachwa alale kando ya ukuta ulio uchi. Akaomba saruji, halmashauri ikafurahi, wanawake wakatoa mayai na kuku, na mifuko ikapanda kilimani juu ya punda. Alipiga lipu wiki tatu, akakataa ujira. Alitaka ukuta wa baba yake usihitaji tena mkono wa mtu yeyote.

“Mama,” alisema hatimaye, “ulijua kwamba saruji itauharibu?”

“Sikujua. Nilijua tu kwamba hukuniuliza.” Getruda alipuliza makapi. “Lakini sasa nimeuona. Maji yanaingia kwa juu, kwenye bati linalovuja, na chini yanapandia kwenye mawe. Zamani yalikuwa yakitokea ubavuni, ukuta ukikauka siku mbili. Sasa yatokee wapi? Umemvalisha koti la mvua mtu aliyelowa, ukamfunga vifungo vyote, halafu unashangaa anakohoa.”

Kasian alitaka kucheka, akashindwa. “Ungeniambia siku ile ile.”

“Ulikuwa unalia, Kasian. Unachanganya saruji unalia, unapiga lipu unalia. Ningekuambia nini?”

Kesho yake asubuhi alichukua tindo na nyundo, akapanda kilimani, akabandua kipande cha lipu chenye ukubwa wa sinia. Nyuma yake tofali lilikuwa laini kama ugali. Kidole kilizama hadi pingili ya pili. Alizunguka upande wa kusini, ambako saruji haikufika na ambako bado palikuwa na udongo wa mwisho wa wanawake, umechakaa, una nyufa. Alitia kidole hapo pia. Palikuwa pakavu.

Jumapili, baada ya Misa ya uwanjani, Padre Patriki alisema fundi ana neno. Kasian alisimama mbele yao na kofia mkononi. Alieleza alichokiona upande huu na upande ule. Alisema ukuta hauna kosa, na waliofyatua matofali hawana kosa; kosa ni lipu, na lipu ni yake. Ilimchukua dakika chache tu, lakini Odilia, aliyekuwa ameketi kwenye nyasi na wanawake wenzake, alisema baadaye kwamba alihesabu vifungo vya shati la mumewe mara nne kabla hajamaliza.

“Kwa hiyo mayai yetu,” aliuliza Ludovika, mjane mwenye sauti iliyozoea kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya bonde, “yale mayai tuliyotoa, sasa unataka kuyabandua?”

Watu walicheka.

“Ndiyo, mama. Nitayabandua kwa mkono wangu.”

Joakimu alisimama. “Fundi, ulituambia saruji ni ya milele.”

“Saruji ni ya milele, mwenyekiti. Ukuta ndio si wa milele.”

Joakimu alikubali kwa kichwa kwamba hilo limejibiwa, lakini hakukaa. Aliuliza kuhusu shule. Je, watoto waendelee kunyeshewa ili wazee wawe na mahali pa kukumbuka ujana wao? Swali lilikuwa la haki. Kasian akasema shule haitasubiri bati. Yeye ataiezeka kwa nyasi mwenyewe, mteremko mkali kama wa nyumba za zamani, bila ujira, mwezi huo huo, na kama itavuja tone moja, Julai atateremsha bati za kanisa kwa mikono yake mwenyewe. Hakuwa amepanga kusema hivyo. Padre Patriki, ambaye kwa kawaida alipenda mambo yajadiliwe, safari hii alisema tu kwamba amesikia, na anayetaka kufanya kazi apande kilimani baada ya zamu yake ya shamba la kijiji.

Walianza kwa kuegemeza magogo ya mkaratusi kwenye tumbo la ukuta, nane, kila moja limechimbiwa mguu. Kisha Kasian akabandua. Asubuhi alikuwa juu ya paa la shule na nyasi, alasiri kilimani na tindo. Saruji ilitoka kwa vipande vikubwa, na ukuta ukatoa harufu ya chungu kipya. Palipokuwa pameoza alitoa matofali matatu matatu, akaweka mapya yaliyokaushwa uwanjani, akasubiri, ndipo akatoa mengine matatu. Mtu hang'oi meno yote siku moja.

Siku ya tano Getruda alipanda. Alipumzika njiani mara sita, mkono wake begani mwa Odilia. Alipofika hakumwangalia mwanawe. Alienda moja kwa moja chini ya dirisha la tatu, ambako saruji ilikuwa imeng'oka na chembe za udongo wa zamani, na ukingo wa udongo ule ulionekana kama ukingo wa kitabu kilichofungwa. Palikuwa na tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama ngozi, kila moja na rangi yake.

“Njoo uone,” alimwambia Odilia. “Huu mweupe ni wa Uhuru. Tulikwenda hadi mtoni kutafuta udongo mweupe, tukasema mwaka huu na kanisa livae.” Ukucha wake ukashuka. “Hii nyembamba ni njaa. Ng'ombe walikufa, mavi hayakuwapo, tukapaka majivu na maji tu ili lisiseme tumelisahau. Hii nyekundu, hapa, ni mwaka uliozaliwa wewe Kasian. Nilikandika na tumbo mbele, baba yako akinigombeza nishuke kwenye ngazi.”

“Ukashuka?” aliuliza Odilia.

“Nilishuka nilipomaliza.”

Kasian alikuwa ameacha kugonga. Alisogea, akatafuta tabaka la juu kabisa, lile la mwaka wa mwisho kabla baba yake hajafariki. Lilikuwa limekwaruzwa na tindo lake mwenyewe, siku zile alipoukwangua ukuta ili saruji ishike. Yalibaki mabaki kama ya magamba ya samaki. Aliyagusa, kisha akaendelea na kazi, ila sasa alibandua taratibu zaidi, na wote waliona.

Mavi ya ng'ombe ndiyo yaliyowasumbua. Udongo wa kichuguu ulikuwapo, majivu yalikuwapo, majani ya kukatakata yalikuwapo. Lakini ng'ombe wa kijiji walikuwa wachache, na kila zizi dogo lilikuwa na bustani yake iliyongoja mavi hayo. Mwenye ng'ombe wengi alikuwa Gidabuday, mzee wa Kibarbaig aliyekuwa na boma bondeni, ambaye hakuwahi kuingia kanisani hata kwa kujikinga mvua. Kasian alimwendea Alhamisi, akamwamkia shikamoo, akaeleza haja yake akiwa amesimama nje ya uzio.

Gidabuday alisikiliza hadi mwisho huku akisugua fimbo yake kwa samli.

“Mungu wenu ana nyumba ya bati,” alisema, “ana kengele, ana padre mwenye pikipiki. Na bado anataka mavi ya ng'ombe wangu.”

“Anayataka sana, mzee.”

“Mapya au makavu?”

“Mapya.”

Mzee alifikiri kwa uzito, kama mtu anayeposwa binti yake. Mwishowe alitoa sharti moja: wasichague. Wazoe zizi zima, kona hadi kona, kwa sababu masika yamelijaza hadi magotini na wanawe ni wavivu. Kasian alikubali kabla hajalichungulia zizi lenyewe.

Jumamosi walishuka watu ishirini na sita. Mtu wa ishirini na saba alifika amechelewa, suruali imekunjwa, jembe begani, naye alikuwa Joakimu. Alisema amekuja kwa sababu shule iliezekwa, mvua ya Jumanne ilinyesha kwa muda wa saa mbili, naye mwenyewe alikaa ndani ya darasa akingoja tone, hakulipata. Aliingia zizini, akapiga hatua mbili, akakwama.

“Katibu aandike,” alisema Ludovika, “kwamba mwenyekiti amezama.”

“Aandike pia,” alijibu Joakimu akivuta mguu, “kwamba hakuna mjumbe aliyempa mkono.”

Hata Gidabuday, aliyekuwa ameketi juu ya uzio akiwatazama Wakristo wakimfagilia nyumba, alicheka hadi akakohoa.

Mchanganyiko uliachwa uchachuke siku saba shimoni, ukifunikwa na majani ya migomba. Ilipofika siku yenyewe, mwishoni mwa Juni, wanawake walijipanga chini ya ukuta na ndoo zao, wakangoja. Getruda aliinama, akachota, akalinusa konzi lile, akalipiga ukutani na kulisambaza kwa nyuma ya vidole, tao moja kutoka kulia kwenda kushoto. Kisha akachota tena, na badala ya kupaka akalitia mkononi mwa Odilia.

“Endelea,” alisema. “Mimi goti linauma.”

Goti lilikuwa likiuma kweli, lakini kila mtu pale alielewa. Odilia alipaka tao lake chini ya lile la mama mkwe. Halikulingana nalo. Ludovika alisema limepinda kama mguu wa bata, Odilia akasema bata naye huvuka mto, na wanawake wakaingia kazini wote pamoja. Kasian alikuwa juu ya ngazi akikandika pale pasipofikika. Mara moja tu alitazama kaburini kwa baba yake, akaona mtu ametundika kanga yake kwenye msalaba ili isichafuke.

Mkaguzi alirudi Julai kama alivyoahidi. Alimwamkia Getruda shikamoo mama, akatundika timazi lake kwenye msumari ule ule, akangoja. Alipima mara tatu. Magogo yalikuwa yameondolewa na tumbo halikuwapo. Aliweka kiganja ukutani, akakitoa, akakitazama kilivyochafuka.

“Hii si nyororo,” alisema.

“Si nyororo, ndugu,” alikiri Kasian.

“Itadumu muda gani?”

“Mwaka mmoja.”

“Halafu?”

“Halafu akina mama wanaikandika tena.”

Mkaguzi alifungua daftari lake, akalitafuta jambo ambalo bila shaka halikuwamo. “Kwenye fomu yangu,” alisema, “hakuna mahali pa kuandika jengo la mwaka mmoja.” Akakuna sikio kwa kalamu. Kisha akaandika neno moja, *Litumike*, akatia sahihi, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu, akanawa mkono na kukubali kikombe cha maziwa. Joakimu ndiye aliyekwenda kugonga kengele. Aliigonga muda mrefu mno, hadi watu wa bondeni wakadhani kuna moto.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha Novemba, alasiri, nzito na ya ghafla. Ilipokatika Kasian alipanda kilimani haraka, bila kumuaga mtu. Maji yalikuwa bado yakidondoka kutoka kwenye upenu. Chini ya dirisha la tatu ukuta ulikuwa umeanza kuchubuka. Udongo mwekundu ulikuwa umeteremka kwenye mawe, ukapita kwenye nyasi, ukafika kaburini na kutulia hapo kama uji. Aliutazama. Alitia kidole mahali palipochubuka, akagusa tofali chini ya udongo uliolowa; lilikuwa kavu. Akakaa kidogo na baba yake, kisha akashuka.

Nyumbani mama yake alikuwa kando ya moto, na Odilia alikuwa akimsuka Justina nywele. Wote watatu waliinua macho.

“Umeanza kuchubuka,” Kasian alisema.

“Sana?” aliuliza Getruda.

“Kidogo. Chini ya dirisha la tatu.”

“Vizuri,” alisema mama, akasogea kumpisha kwenye joto la moto. “Basi mwakani tuna kazi.”